Namba 61,741,120: Lipi Kweli, Lipi Makadirio, Lipi Bahati Tu

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 23 mwaka huo. Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Tangu hapo namba hiyo imeingia kwenye hotuba, vitabu vya shule na mipango ya halmashauri, na kila inapofika huzua ubishi wa aina moja. Wapo wanaoishika kuwa sahihi hadi mtu wa mwisho. Wapo wanaoitazama ile sifuri ya mwisho na kusema hesabu imekadiriwa mezani. Wapo wanaotafuta ishara ndani ya tarakimu zake. Naye mwanafunzi anaulizwa darasani kama ni shufwa au witiri, ni tasa au siyo, na vigawo vyake ni vipi.

Katika kata kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, ubishi huu si wa kupitisha muda. Namba ya taifa ilianzia kwenye kaya za vitongoji vya kata kama hiyo, na hurudi huko kwa sura ya madawati, zahanati, visima na walimu. Anayeisoma vibaya hupanga vibaya. Uchambuzi huu unaeleza namba hiyo ilipatikanaje, ni ya aina gani kihesabu, na misimamo mitatu inayoshindana juu yake ina nguvu na udhaifu gani.

Namba ilivyopatikana

Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya kwanza ilikuta watu wapatao milioni 12.3. Ya mwaka 2002 ilikuta milioni 34.4, na ya 2012 ikakuta 44,928,923. Katika miaka kumi iliyofuata waliongezeka watu 16,812,197, sawa na ukuaji wa asilimia 3.2 kwa mwaka.

Kanuni ya kuhesabu ni moja: mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Karani huandika watu wa kaya, kaya hujumlishwa kwenye eneo la kuhesabia, maeneo hujumlishwa kuwa kijiji na kata, kata huwa wilaya, wilaya huwa mkoa, na mikoa 31 hutoa jumla ya taifa. Kwa hiyo 61,741,120 ni jawabu la kujumlisha mamilioni ya majibu madogo. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Njia zote mbili za kujumlisha hufika mahali pamoja.

Hapa hoja ya wanaoshuku sifuri ya mwisho inapata jibu lake. Kama jumla ingekuwa imetokana na namba zilizokadiriwa kwa makumi, sehemu zake zote nazo zingeishia na sifuri. Si zote zinazoishia hivyo: ya Bara inaishia na 7, ya Zanzibar na 3, na 7 ukijumlisha na 3 unapata 10. Namba moja katika kila kumi huishia na sifuri bila mtu yeyote kuikadiria. Sifuri peke yake haithibitishi lolote.

Aina ya namba hii kihesabu

Darasani namba nzima hupangwa kwa makundi. Kundi la kwanza ni shufwa na witiri. Namba yetu inaishia na 0, hivyo ni shufwa. Kundi la pili ni tasa na zisizo tasa. Namba tasa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba yoyote inayoishia na 0 hugawanyika kwa 2 na kwa 5, kwa hiyo 61,741,120 si tasa.

Swali la tatu ni gumu kidogo: vigawo vyake tasa ni vipi? Ukiondoa 10 unabaki na 6,174,112. Igawe kwa 2 mara tano, utafika 192,941, ambayo ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, na kwa 5 nayo haigawanyiki. Kwa 7 inagawanyika na kutoa 27,563. Ukiendelea kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine, hakuna inayokubali hadi 43, ambayo hutoa 641. Nayo 641 ni tasa: hakuna kitu kati ya 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23 kinachoigawa, na kuanzia 29 kipeo cha pili cha kila namba tasa kinazidi 641, hivyo hakuna haja ya kuendelea. Kwa ufupi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hii ndiyo sura yake ya ndani. Hakuna orodha nyingine ya namba tasa ambayo ukiizidisha utapata jawabu hilo, na kwa sababu hiyo wanahisabati huiona kuwa utambulisho wa kweli wa namba. Kutoka hapo mengine hufuata. Vigawo vyake vyote, ukihesabu 1 na yenyewe, ni 112. Si namba mraba, kwa sababu iko kati ya 7,857 × 7,857, ambayo ni 61,732,449, na 7,858 × 7,858, ambayo ni 61,748,164.

Kuna mgawanyo mwingine wa kale zaidi, ulioandikwa na Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo uko nchini Jordan, miaka karibu 1,900 iliyopita. Yeye alijumlisha vigawo vya namba bila kuihesabu yenyewe, kisha akalinganisha. Jumla ikiwa sawa na namba, namba ni timilifu, kama 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6. Ikiwa ndogo, namba ni pungufu. Ikiwa kubwa, namba imezidi. Vigawo vya 61,741,120 ukivijumlisha bila yenyewe unapata 110,458,688. Hivyo imo katika kundi la zilizozidi.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa bila jasho. Namba 20 imezidi, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 5 + 10 = 22. Kila kigawe cha namba iliyozidi nacho huzidi, na namba ya sensa inaishia na 20. Kwa kanuni hiyo hiyo, kila namba inayoishia na 20, 40, 60, 80 au 00 iko kundi hilo. Karibu robo ya namba zote ni za aina hii. Kundi ni la kweli, ila si adimu.

Zilizo adimu ni timilifu. Baada ya 6, 28, 496 na 8,128, inayofuata ni 33,550,336. Tanzania ilivuka idadi hiyo ya watu muda mfupi kabla ya sensa ya 2002. Inayofuata ni 8,589,869,056. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa dunia ilifikisha watu bilioni 8 tarehe 15 Novemba 2022, na makadirio yake yanaiweka kwenye bilioni 8.5 karibu na mwaka 2030. Namba timilifu moja, basi, Tanzania imekwisha kuivuka, na nyingine dunia nzima bado haijaifikia.

Msimamo wa kwanza: kila tarakimu ina haki yake

Wanaoshika msimamo huu wanasema: watu wamehesabiwa, hawakukisiwa. Kila moja ndani ya 61,741,120 ni mtu mwenye jina. Kuandika milioni 61.7 ni kuwafuta watu 41,120, idadi ambayo kata nyingi za vijijini hazifikii. Kata nzima ya Mabwerebwere inaweza kupotea ndani ya makadirio hayo bila jumla ya taifa kuonesha alama yoyote.

Nguvu ya hoja hii ni uwajibikaji. Tarakimu kamili hukaguliwa. Ukiwa nazo unaweza kujumlisha vijiji, kata, wilaya na mikoa, ukaona kama hesabu inafunga. Namba zilizokadiriwa hazifungi vizuri: Bara milioni 59.9 na Zanzibar milioni 1.9 zinatoa milioni 61.8, wakati jumla iliyotangazwa ukiikadiria ni milioni 61.7. Watu 100,000 wanaonekana kuzuka pasipo mtu kuzaliwa. Mwananchi asiyejua chanzo cha tofauti hiyo ana haki ya kushuku, na dawa ya shaka yake ni kuoneshwa namba kamili.

Udhaifu wake ni kudhani kwamba namba iliyoandikwa kwa ukamilifu ni sahihi kwa ukamilifu. Historia ya karibu inaonesha vinginevyo. Tarehe 31 Desemba 2012, Rais Jakaya Kikwete alitangaza matokeo ya awali ya sensa ya mwaka huo: watu 44,929,002. Baada ya uchakataji kukamilika, idadi ilikuwa 44,928,923. Tofauti ni watu 79, wasiofika wawili katika kila milioni. Kwa mpangaji wa shule au hospitali hakuna kilichobadilika.

Kihesabu, hata hivyo, mengi yalibadilika. Namba ya awali ilikuwa shufwa na iligawanyika kwa 6. Ya mwisho ni witiri, haigawanyiki kwa 3, na inagawanyika kwa 13. Sahihisho la watu 79 lilihamisha idadi ya Watanzania kutoka aina moja ya namba hadi nyingine kabisa.

Namba ya 2022 nayo ni tete vivyo hivyo. Ongeza mtoto mmoja: 61,741,121 si shufwa tena, haigawanyiki kwa 5, 7, 43 wala 641, bali kwa 13, na imehamia kundi la pungufu. Ondoa mzee mmoja: 61,741,119 inagawanyika kwa 3. Ukilinganisha sensa za 2012 na 2022, ongezeko la wastani lilikuwa watu 4,600 hivi kwa siku, yaani mtu mmoja kwa kila sekunde 19. Muda wa kusoma aya hii unatosha kuibadilisha idadi ya Watanzania kutoka shufwa kwenda witiri na kuirudisha.

Msimamo wa pili: tarakimu tatu zinatosha

Upande wa pili wako watu waliozoea takwimu. Wao husema sensa ni kipimo, na kila kipimo kina kosa lake. Kuna kaya ambayo haikukutwa, msafiri aliyehesabiwa mara mbili, mtoto mchanga aliyesahaulika kutajwa. Kwa sababu hiyo nchi nyingi hufanya tathmini baada ya sensa, kwa kurudi kwenye maeneo machache na kulinganisha majibu. Tuseme kosa ni dogo sana, mtu mmoja tu katika kila elfu. Kwa idadi yetu hao ni watu 61,741. Kwa kosa dogo kiasi hicho, tarakimu tano za mwisho hazina tena uhakika. Zinabaki za mbele: 61.7.

Nguvu ya msimamo huu ni unyoofu. Unamwambia msomaji kile kinachojulikana na kuacha kile kisichoweza kujulikana. Pia hauharibu hesabu za taifa. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2022/23 ilikuwa shilingi trilioni 41.48. Ukiigawa kwa 61,741,120, kila mtu anapata shilingi 671,800 hivi. Ukiigawa kwa milioni 61.7, anapata 672,300 hivi. Tofauti ni shilingi 450 katika laki sita na zaidi, na bajeti yenyewe ilikuwa imetajwa kwa tarakimu nne tu. Anayegawa kiasi kilichokadiriwa kwa idadi kamili ya watu hapati jawabu kamili. Anapata tarakimu nyingi zisizo na maana.

Udhaifu wake hujitokeza unaposhuka ngazi. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi haipimi chumvi ya kijiko. Makadirio yanayofaa Dodoma hayafai kwa ofisi ya mtendaji wa kata. Mabwerebwere haihitaji kujua kama taifa lina milioni 61.7 au 61.8. Inahitaji kujua watoto wangapi wataanza darasa la kwanza, na hapo tofauti ya watoto 40 ni darasa zima, mwalimu mmoja na madawati yake.

Zaidi ya hayo, makadirio yanaweza kuwa kichaka cha uzembe. Kiongozi akizoea kusema "takriban", hakuna atakayemuuliza kwa nini hesabu ya vijiji vyake hailingani na ya kata.

Msimamo wa tatu: namba ina siri

Msimamo wa tatu haumo kwenye vitabu vya takwimu, ila una wafuasi. Unasema namba kubwa inayogusa maisha ya watu haiji bure, na ukiichunguza utaona ishara. Ni haki kuutendea kwa uzito, kwa sababu namba hii inautolea ushahidi unaovutia.

Tarakimu nne za mwanzo ni 6174. Hiyo ni namba maarufu. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali nchini India, aligundua kwamba ukichukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote, ukazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, ukatoa, na kurudia hivyo kwa kila jawabu, utafika 6174 kwa hatua zisizozidi saba. Ukianza na mwaka wa sensa, 2022, inakuwa hivi:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Mwaka wa sensa unaongoza hadi mwanzo wa namba ya sensa. Na kuna la pili. Kigawo tasa kikubwa zaidi cha namba hii, 641, nacho kina jina katika historia. Mfaransa Pierre de Fermat alidhani kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionesha kuwa sivyo, kwa sababu ni zao la 641 na 6,700,417.

Nguvu ya msimamo huu ni udadisi. Mtoto aliyeoneshwa njia ya Kaprekar atajaribu namba nyingine kwa hiari yake, na hivyo ndivyo hisabati inavyopendwa. Watu waliotafuta maajabu ya namba walizalisha elimu ya kweli: mtaalamu wa Baghdad, Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, alianza na namba ambazo vigawo vya kila moja hujumlisha kuwa nyingine, zinazoitwa namba za urafiki, akaacha kanuni ya kuzipata inayofundishwa hadi leo.

Udhaifu wake ni kusahau kuuliza swali la pili: je, hali ingekuwa tofauti kwa namba nyingine? Chukua mwaka wa sensa iliyotangulia, 2012. Unapata 2210 − 0122 = 2088, kisha 8532, kisha 6174. Chukua 1967: unapata 8082, kisha 8532, kisha 6174. Miaka yote ya sensa zetu hufika hapo, kwa kuwa karibu kila namba ya tarakimu nne hufika hapo. Lakini idadi ya watu ya 2012 haianzi na 6174. Njia inayompeleka kila mtu mahali pamoja haiwezi kuwa ishara ya mtu mmoja. Na kuhusu 641, namba moja katika kila 641 hugawanyika kwayo. Wanahisabati wamezipa umaarufu namba nyingi sana, kiasi kwamba anayechambua namba yoyote ya tarakimu nane kwa subira hatakosa kukuta mojawapo. Kulingana huko ni kweli, lakini hakusemi lolote juu ya Watanzania.

Chanzo cha mkanganyiko

Misimamo hii inagongana kwa sababu alama zile zile hutumika kwa kazi tofauti. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, ni kubwa kuliko idadi ya watu wote duniani, ila haihesabu kitu. Kazi yake ni kutofautisha mtu na mtu. Hakuna maana kuuliza kama mwenye namba kubwa ana zaidi. Idadi ya watoto waliomo darasani sasa hivi ni hesabu kamili: 43 ni 43. Idadi ya watu wa nchi nzima ni kipimo, chenye kosa na chenye tarehe yake. Na 61,741,120 ikiwa peke yake kwenye ubao ni kitu cha nne: namba tupu, ambayo vigawo vyake havitabadilika kamwe, hata idadi ya watu ikibadilika mara elfu.

Shule hufundisha kazi hii ya nne vizuri. Mwanafunzi hutoka akijua shufwa, witiri, tasa, vigawo na vigawe. Kazi ya tatu, kipimo na kosa lake, hufundishwa kwa uchache. Matokeo yake mtu mzima huchukua uhakika wa ubaoni na kuubandika kwenye namba ya sensa.

Kosa la pili hutokana na mipaka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 489,513 wilayani Kilosa. Ya 2012 ikahesabu 438,175. Anayeziweka namba hizi mbili bega kwa bega atasema watu wa Kilosa walipungua kwa zaidi ya 51,000. Kilichotokea ni kwamba Gairo ilitengwa kuwa wilaya yake. Tarakimu zote zilikuwa mahali pake, kujumlisha kulikuwa sahihi, na bado hitimisho lingekuwa la uongo. Tarakimu za mwisho za namba hazikuwa tatizo hapo. Swali la msingi lilikuwa: watu wa mipaka ipi?

Wastani nao huficha. Ukigawa 61,741,120 kwa mikoa 31 unapata 1,991,649 na baki 1. Lakini Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na baadhi ya mikoa haikufika hata milioni moja. Kugawanyika vizuri au kubakiza mmoja hakugusi tofauti hiyo.

Kupima faida na gharama

Kila msimamo una mahali pake, na kila mmoja hudhuru ukitolewa mahali pake. Tarakimu kamili ni lazima katika kumbukumbu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu na za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, na katika hesabu za vijiji na kata. Bila hizo hakuna ukaguzi. Gharama yake ni kwamba humdanganya asiyejua kipimo. Makadirio yanafaa kwenye hotuba, magazeti na mipango ya taifa. Gharama yake ni kwamba huzimeza kata ndogo na kufanya jumla zisifunge. Udadisi wa sura ya namba unafaa darasani. Gharama yake huja pale unapoingizwa kwenye siasa au biashara ya bahati, ambako hugeuka kuwa hoja isiyo na msingi.

Uchambuzi wa vigawo una matumizi mengine yasiyohusiana na sensa kabisa. Namba ya tarakimu nane huchambuliwa kwa kalamu: kwa namba ya ukubwa wa 61,741,120, namba tasa za kujaribu hazifiki 1,000. Namba ya tarakimu 617, iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, hakuna kompyuta iliyoweza kuichambua. Juu ya ugumu huo wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walijenga mwaka 1977 mfumo wa siri ambao hadi leo hutumika kulinda mawasiliano kwenye intaneti. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyotangazwa Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320. Ukimgawia kila Mtanzania tarakimu moja, zingekwisha wakiwa wamebaki zaidi ya watu milioni 20. Anayejifunza vigawo vya namba ya sensa darasani anajifunza msingi wa elimu hiyo.

Muhtasari na hukumu

Kwanza, 61,741,120 ni namba shufwa, si tasa, si mraba, ina vigawo 112, na ni ya kundi la zilizozidi. Haya ni kweli daima na hayahitaji sensa kuyathibitisha.

Pili, sifa hizo ni za namba, si za watu. Mtu mmoja akizaliwa nyingi kati yake zinavunjika, na sahihisho la watu 79 mwaka 2012 lilitosha kubadilisha aina ya namba bila kubadilisha hali ya nchi.

Tatu, kama idadi ya watu, kinachobeba maana kwa ngazi ya taifa ni milioni 61.7, pamoja na tarehe 23 Agosti 2022. Tarakimu zilizobaki zihifadhiwe kwa ajili ya ukaguzi, zisitumike kama ushahidi wa usahihi.

Nne, ngazi ikishuka, tarakimu hupanda thamani. Katika kata kama Mabwerebwere mtu mmoja mmoja ana uzito, na makadirio ya mamia hayakubaliki.

Kwa hiyo msimamo wa pili ndio sahihi kwa anayezungumzia taifa, wa kwanza ndio sahihi kwa anayezungumzia kijiji, na wa tatu ubaki kuwa mwanzo wa somo la hisabati. Walimu watumie namba ya sensa kufundisha vigawo, na katika somo hilo hilo wafundishe kosa la kipimo. Watangazaji waitaje pamoja na tarehe yake. Na mwananchi anaposomewa namba kubwa katika mkutano wa kijiji, aulize mambo matatu kabla ya kuikubali au kuikataa: imehesabu nini, ndani ya mipaka ipi, na lini.